Kuhamia Berlin: Karatasi Zina Foleni Yake

Kuhamia Berlin kutoka Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam ni kazi ya mwaka mmoja hadi miwili, na sehemu kubwa ya muda huo huisha kabla ndege haijaruka. Ujerumani ni nchi ya karatasi, na karatasi zake zimepanga foleni. Cheti cha lugha hutangulia mkataba wa kazi, mkataba hutangulia viza, anwani hutangulia akaunti ya benki, na ya nyuma haiwezi kuiruka ya mbele. Wanaokwama mara nyingi hawakukosa fedha wala elimu. Walianza na jambo la tatu, kisha wakagundua wakiwa ugenini kwamba la kwanza lilipaswa kumalizwa nyumbani.

Kabla ya karatasi kuna uvumi wa kuondoa njiani. Mwezi Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa ushirikiano kuhusu uhamaji wa wafanyakazi. Habari zikaenea haraka kwamba Ujerumani imefungua milango kwa Wakenya 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha hadharani: mkataba hautaji idadi yoyote wala mgao wa nafasi, na kila mwombaji anabaki chini ya sheria zilezile za ajira na ukaazi. Anayedai ada ili amwingize mtu kwenye “orodha” ya mkataba huo anauza kitu kisichokuwepo, hata kama ofisi yake ina zulia jekundu na bendera mbili ukutani.

Njia halali ni chache na zinajulikana. Ipo ya mwanafunzi aliyepokelewa chuoni. Ipo ya Ausbildung, mafunzo ya ufundi ya miaka miwili hadi mitatu na nusu, ambapo mwanagenzi husoma huku akifanya kazi na kulipwa na mwajiri. Ipo ya mtaalamu mwenye mkataba mkononi na ujuzi unaokubalika Ujerumani. Tangu tarehe 1 Juni 2024 imeongezeka Chancenkarte, kibali cha kwenda kutafuta kazi kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Hutolewa kwa kuhesabu alama za umri, lugha, elimu na uzoefu. Alama 6 ndizo za chini, na mwenye kibali anaruhusiwa kufanya kazi ya muda isiyozidi saa 20 kwa wiki. Njia ambayo haipo ni ile inayosimuliwa zaidi vijiweni, ya kuingia kwa viza ya utalii na “kujipanga hukohuko”. Viza ya matembezi kwa kawaida haigeuzwi kuwa kibali cha kazi. Mwenye nayo hulazimika kurudi nyumbani na kuanza upya.

Lugha ndiyo ya kwanza kwenye foleni, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Ni kweli kwamba kampuni kadhaa za teknolojia mjini Berlin hufanya kazi kwa Kiingereza, na kwamba mtu anaweza kuagiza kahawa mtaa mzima wa Neukölln bila kutamka neno la Kijerumani. Lakini barua ya kodi, mkataba wa nyumba, daktari wa mtoto na karani wa manispaa ni Kijerumani kitupu. Ngazi za lugha huhesabiwa kuanzia A1 hadi C2. Mwenzi anayemfuata mumewe au mkewe kwa kawaida hutakiwa kuwa na A1. Ausbildung huanzia B1. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe hutegemea B2. Goethe-Institut ina matawi Nairobi na Dar es Salaam, na mitihani yake inakubalika ubalozini. Anayeanza sifuri na kusoma kwa bidii asitarajie B1 kabla ya miezi minane au mwaka. Hapo ndipo kalenda nzima ya kuhama inapopatikana: tarehe ya mtihani ikijulikana, mengine hupangwa kwa kuhesabu kwenda mbele.

Wakati lugha inasomwa, vyeti navyo vianze kutembea. Tatizo kubwa la nyaraka za Afrika Mashariki ni majina. Mtu mmoja anaweza kuwa Juma Hamisi Bakari kwenye cheti cha kuzaliwa, Juma Bakari kwenye cheti cha kidato cha nne, na Bakari Juma H. kwenye pasipoti, na kwao kila mtu anajua ni yuleyule. Karani wa Kijerumani hajui. Kwake jina la ukoo ni moja, herufi zake ni zilezile, na tofauti ya “Hamisi” na “Khamis” ni watu wawili. Marekebisho hayo hufanyika RITA kwa Tanzania, au kwa msajili wa vizazi na wakili wa viapo kwa Kenya, na yafanyike kabla ya pasipoti mpya kuombwa. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa huweza kuhitaji uhakiki wa ziada kupitia ubalozi, nao uhakiki huo huchukua miezi. Tafsiri za Kijerumani lazima zifanywe na mtafsiri aliyeapishwa. Vyeti halisi husafiri kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu begi likipotea uwanjani nguo hununuliwa, cheti hakinunuliwi.

Kutambuliwa kwa taaluma ni suala jingine. Kazi za uuguzi, udaktari na ualimu zimewekewa ulinzi wa kisheria: hakuna anayezifanya bila idhini ya mamlaka ya jimbo husika. Mhandisi wa programu au mpishi hana kizuizi hicho kazini, lakini viza yake kwa kawaida bado itauliza kama chuo alichosoma kinatambulika. Hifadhidata ya serikali iitwayo anabin huonyesha vyuo vya nchi mbalimbali na hadhi yao, na kuiangalia ni bure. Kuna watu wamelipa mawakala fedha nyingi ili waambiwe jambo ambalo lingepatikana humo kwa dakika kumi.

Maombi ya viza ya muda mrefu hugharimu euro 75, na tangu Januari 2025 idara za viza za Ujerumani duniani kote hupokea maombi ya aina nyingi kupitia mtandao, mwombaji akienda ubalozini baadaye kwa alama za vidole na kuonyesha nyaraka halisi. Mwanafunzi huonyesha pia fedha za kujikimu, ambazo kwa kawaida huwekwa katika Sperrkonto, akaunti iliyofungwa inayoachia kiasi maalumu kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi. Ni zaidi ya shilingi milioni 1.6 za Kenya, au zaidi ya milioni 30 za Tanzania, na familia nyingi hukusanya kwa harambee au kwa kuuza kiwanja. Kinachosahaulika ni kwamba fedha hizo haziwezi kuchotwa kwa pupa. Mwezi wa kwanza una malipo ya dhamana ya nyumba, kodi, godoro, koti na nauli, yote kwa mpigo, huku Sperrkonto ikingoja taratibu zake zikamilike kabla ya kutoa hata senti. Akiba ya pembeni ya euro 2,500 hadi 3,500 inayofikika siku ya kwanza ndiyo inayomtofautisha mgeni mtulivu na mgeni anayelala sebuleni kwa mtu asiyemjua vizuri.

Nyumba ndiyo fundo gumu kuliko yote. Berlin ni jiji la wapangaji. Zaidi ya wakazi wanane kati ya kumi hawamiliki nyumba wanamoishi. Vyumba ni haba, na tangazo la nyumba yenye bei ya haki hupata mamia ya maombi kabla ya jioni. Mwenye nyumba huchagua kwa karatasi: hati za mishahara ya miezi mitatu, barua ya mwenye nyumba wa awali kwamba hadaiwi kodi, na taarifa ya Schufa, kampuni inayohifadhi rekodi za watu za ulipaji madeni. Aliyefika juzi hana hata moja kati ya hizo. Kwa hiyo kutafuta nyumba ya kudumu ukiwa Kariakoo au Eastleigh ni kupoteza muda, na kutuma dhamana ukiwa huko ni hatari. Hadithi ya matapeli haibadiliki: picha nzuri, kodi ya chini, mwenye nyumba “yuko kikazi nchi nyingine”, funguo zitatumwa kwa posta mara fedha zikiingia. Funguo hazijapata kufika.

Njia yenye akili ni ya hatua mbili. Kwanza hupatikana chumba cha muda wa miezi mitatu hadi sita, chenye samani, au chumba katika WG, yaani nyumba inayokaliwa na wapangaji kadhaa wanaogawana jiko na bafu. Mwanafunzi huomba hosteli ya studierendenWERK siku ileile anayopata barua ya chuo, maana orodha ya kusubiri ni ndefu. Hatua ya pili, ya nyumba ya kudumu, hufuata baada ya mishahara mitatu. Swali la kumuuliza mwenye chumba cha muda kabla ya lingine lolote ni kama ataruhusu usajili wa anwani. Chumba cha bei rahisi kisichoruhusu usajili ni ghali, kama itakavyoonekana. Wapo wanaouza anwani tu, mtu ajisajili mahali asipoishi; hilo ni kosa la kisheria kwa muuzaji na mnunuzi, na faini yake ni kubwa.

Mkataba wa nyumba una mambo ambayo Mswahili hayategemei. Bei huandikwa mara mbili: Kaltmiete, kodi tupu, na Warmmiete, iliyojumuisha joto, maji na taka. Umeme na intaneti kwa kawaida ni juu ya mpangaji. Dhamana haizidi Kaltmiete ya miezi mitatu, na sheria inampa mpangaji haki ya kuilipa kwa awamu tatu, ingawa ni wenye nyumba wachache wanaomkumbusha. “Nyumba ya vyumba viwili” maana yake ni chumba cha kulala na sebule, kwa sababu sebule huhesabiwa. Nyumba isiyo na samani huweza kukosa hata makabati ya jikoni na taa, nyaya zikining’inia darini. Na kuhama hakufanyiki kwa kutoa neno: notisi ya mpangaji ni miezi mitatu, kwa maandishi yenye saini ya mkono.

Kuhusu mtaa, wageni wengi hung’ang’ania kukaa ndani ya Ring, reli ya mduara inayozunguka katikati ya jiji kwa takriban saa moja. Kodi za huko zimepanda mno. Spandau, Marzahn au Lichtenberg ni mbali kwa macho ya ramani, lakini treni hupita kila dakika chache, na tofauti ya kodi hulipa tiketi ya mwezi mara kadhaa. Wedding, kaskazini, kuna mitaa yenye majina ambayo msomaji wa Afrika Mashariki atayatambua bila kamusi: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Ni masalia ya ukoloni. Barabara moja hapo iliitwa Petersallee, jina ambalo liliwakumbusha watu Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Ujerumani Afrika Mashariki; Agosti 2024, baada ya mabishano ya miaka mingi, sehemu yake ikapewa jina la Maji-Maji-Allee. Wala Waswahili si wageni wa jana jijini humo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa habari za desturi za Waswahili, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na akafia huko mwaka 1927.

Chumba kikipatikana, saa huanza kuhesabu. Sheria inampa mkazi wiki mbili tangu kuhamia ili ajisajili katika ofisi ya wananchi, Bürgeramt. Usajili huo huitwa Anmeldung, na ndio mzizi wa kila kitu kinachofuata. Hutakiwa pasipoti, fomu, na hati ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba mtu huyo kweli amehamia. Miadi huwa adimu. Wenyeji huangalia ukurasa wa miadi asubuhi na mapema, zile zilizofutwa zinaporudi, na hawajali ofisi iko wilaya gani, kwa kuwa Bürgeramt yoyote ya Berlin humhudumia mkazi wa jiji lote. Wiki mbili zikipita huku miadi ikiwa imeshaombwa, ushahidi wa ombi hilo utunzwe.

Fomu ina swali la dini, na hapo Wakristo wa Afrika Mashariki hushtuka baadaye. Anayejiandika Mkatoliki au Mlutheri huanza kukatwa kodi ya kanisa, ambayo Berlin ni asilimia 9 ya kodi yake ya mapato. Wapo wanaoilipa kwa moyo mweupe. Wengine hudhani swali lile ni la takwimu tu, na hugundua ukweli kwenye hati ya mshahara wa kwanza.

Baada ya usajili, namba ya kodi yenye tarakimu 11 hutumwa kwa posta. Isipomfikia mwajiri kwa wakati, mfanyakazi huweza kukatwa kodi kwa daraja la sita, la juu kuliko yote, mpaka mambo yarekebishwe. Na posta haitafika kama jina halipo kwenye sanduku la barua. Majengo ya Berlin hayana namba za milango. Tarishi hutafuta jina, asipoliona huirudisha barua. Kijikaratasi chenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, kilichobandikwa kwenye sanduku siku ya kuhamia, kimeokoa viza na mishahara. Ikija bahasha ya manjano, isiwekwe kando hata siku moja: hiyo ni barua rasmi ya mahakama au mamlaka, na muda wa kuijibu huhesabiwa tangu tarehe aliyoiandika tarishi juu yake, imefunguliwa au haijafunguliwa.

Akaunti ya benki hufuata. Benki ikisita, sheria ya mwaka 2016 inampa kila mkazi halali haki ya akaunti ya msingi. Bima ya afya ni lazima kuanzia siku ya kwanza. Katika mfumo wa umma makato yake ni asilimia 14.6 ya mshahara pamoja na nyongeza ya kila mfuko, mwajiri akilipa nusu. Ukiongeza pensheni, bima ya ukosefu wa ajira, bima ya uangalizi na kodi, mfanyakazi asiye na ndoa huondoka na takriban theluthi mbili ya mshahara ulioandikwa kwenye mkataba. Mshahara wa euro 2,800 ukitangazwa nyumbani kwa shilingi, jamaa husikia utajiri. Kinachoingia benki ni karibu 1,900, na chumba peke yake huweza kumeza 700.

Hapo ndipo mpango wa fedha za nyumbani unapohitaji maneno ya wazi kabla ya safari. Ndugu waliochangia harambee hutarajia kuona matunda mapema, nao wana haki yao. Lakini miezi sita ya mwanzo ndiyo ya dhamana, madeni na samani, na anayeanza kutuma fedha mwezi wa pili mara nyingi hukopa ili atume. Wazee wakielezwa mapema kwamba ada za wadogo zitaanza mwaka ujao, watanung’unika kidogo kisha watapanga. Wakiahidiwa na wasione, hapo ugomvi huvuka bahari.

Viza ya kuingilia ina mwisho wake, na kabla haujafika lazima kibali cha ukaazi kiombwe kwa ofisi ya uhamiaji ya jiji, LEA. Ofisi hiyo imeelemewa. Anayeomba kabla ya muda kuisha hubaki halali wakati akisubiri, na hupewa hati ya muda ya kuthibitisha hivyo. Anayeomba siku moja baada ya muda kuisha ana tatizo zito. Miezi mitatu kabla ni wakati mzuri wa kuanza.

Maisha ya kila siku yana kanuni zake, nyepesi kuliko karatasi. Maduka hufungwa Jumapili. Kelele hukoma saa nne usiku. Chupa nyingi za plastiki na makopo hubeba amana ya senti 25, ambayo hurudishwa dukani. Vituo vya treni havina vizuizi, jambo linalowadanganya wengi. Mkaguzi mara nyingi huvaa nguo za kiraia, na kusafiri bila tiketi ni faini ya euro 60. Leseni ya udereva ya Kenya au Tanzania hutumika miezi sita tu, kisha mtihani wa vitendo hurudiwa, na wa nadharia pia, huu ukifanywa kwa Kijerumani au lugha nyingine zilizoruhusiwa, na Kiswahili si mojawapo.

Baridi yenyewe huzoeleka kwa koti zuri, ambalo ni heri kununuliwa Berlin kuliko mitumbani Gikomba. Giza ndilo huwaangusha watu. Mwezi Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, na anayefanya kazi ndani hupitisha wiki bila kuliona. Anayeweza kuchagua tarehe afike Machi au Aprili, ili apate marafiki, msikiti au kanisa, na timu ya mpira kabla majira hayajageuka.

Familia huletwa baada ya nyumba ya kutosha na kipato kinachothibitika. Watoto huingia shule kwa lazima kuanzia miaka sita, na Berlin huwa na madarasa ya kuwakaribisha wasiojua Kijerumani. Chekechea hailipiwi ada isipokuwa chakula na nyongeza ndogo, ila nafasi hutafutwa miezi mingi mapema.

Mwisho wa foleni ni uraia. Tangu Juni 2024 Ujerumani huruhusu mtu kuomba uraia baada ya miaka mitano ya ukaazi halali, na haimlazimishi tena kuacha uraia wa awali. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inaruhusu uraia wa nchi mbili. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo Mtanzania anayechukua pasipoti ya Ujerumani hupoteza ya nyumbani, na haki za ardhi na urithi zinazoambatana nayo ni vyema zikaguliwe na wakili kabla ya fomu kujazwa.